Ligamenti Msalaba ya Mbele

Tarehe 20 Juni 2006, mjini Cologne, mechi ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Uswidi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Michael Owen alitoa pasi, goti la kulia likajipinda, akaanguka na kutambaa hadi nje ya mstari. Hakuna aliyemgusa. Alirudi kucheza Aprili 2007.

Jeraha lile watangazaji wetu hulitaja kwa herufi tatu za Kiingereza, ACL (anterior cruciate ligament), wakaishia hapo. Mitaani husemwa "amekata mshipa wa goti" au "amechana msuli". Herufi hazimwelezi msikilizaji lolote, na maneno ya mitaani yanamweleza kisicho sahihi.

Tuanze na goti lenyewe. Juu kuna mfupa wa paja, chini kuna muundi, mbele kuna kilegesambwa. Ncha za mifupa hiyo haziingiani kama mfupa wa paja unavyoingia tunduni kwenye nyonga. Zimeegeshwa tu, na kinachozishikilia ni kamba ngumu za tishu. Katikati ya kiungo zimo kamba mbili zinazopishana. Ya mbele huanzia sehemu ya mbele ya kichwa cha muundi, ikapanda kwa mshazari kuelekea nyuma hadi kwenye mfupa wa paja. Urefu wake ni sentimita 3 hivi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na kulidhibiti goti linapozungushwa. Ndiyo maana hukatika mtu anapogeuka ghafla mguu ukiwa umekita chini, au anapotua vibaya baada ya kuruka, hata bila kugongwa.

Kamba hiyo tuiiteje? "Mshipa" kwa Kiswahili ni njia ya damu, na wengi hulitumia pia kwa neva. Anayeambiwa mshipa wake umekatika huwaza damu au kupooza. "Msuli" ni nyama inayojikunja na kukunjuka. Ukichanika kidogo hupumzishwa ukapona, kwa hiyo aliyeambiwa ana tatizo la msuli huenda akachuliwa goti wiki kadhaa akingoja nafuu. Neno la tatu, "kano", linakaribia zaidi, na wapo wanaolitumia kwa kamba zote ngumu za mwilini. Lakini kano hasa huunganisha msuli na mfupa, kama ile nene iliyo juu ya kisigino. Kamba tunayoizungumzia huunganisha mfupa na mfupa.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye chumba cha upasuaji. Kamba iliyokatika kwa kawaida haishonwi tu. Huwekwa nyingine mahali pake, na mara nyingi daktari huitoa kwa mgonjwa mwenyewe: kano ya nyuma ya paja, ya kilegesambwa, au ya msuli wa mbele wa paja. Ikishapandikizwa, kano hiyo hubadilika taratibu kwa miezi mingi hadi ikafanana na kamba iliyokuwapo. Tukiviita vyote viwili kano, tutalazimika kusema kwamba kano imetolewa ili iwe kano. Hapo "ligamenti", ingawa ni neno la mkopo, linastahili nafasi yake: kano inachukuliwa ili ifanye kazi ya ligamenti.

Neno la pili katika jina hilo la Kiingereza, cruciate, linaloeleza kule kupishana, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya msalaba. Wapo watakaopendelea "mtambuka", lakini neno hilo limeshazoeleka kwenye semina na ripoti, katika "masuala mtambuka". "Msalaba" humwonyesha msikilizaji umbo papo hapo. Hivyo tunapata ligamenti msalaba ya mbele, na mwenzake ligamenti msalaba ya nyuma. Neno "mbele" lisimpoteze mtu akaitafuta chini ya ngozi: limetokana na mahali inaposhikilia muundi. Yenyewe imo ndani kabisa, haifikiwi kwa vidole wala kwa dawa ya kuchua.

Vitenzi navyo vichaguliwe. "Kuteguka" hubeba mengi mno, hata mfupa kutoka mahali pake. Ligamenti ikivutwa kupita kiasi, imevutika. Nyuzi zake baadhi zikiachana, imechanika. Ikitengana vipande viwili, imekatika. Aghalabu aliyekatikiwa husikia mlio goti likiachia, kisha goti huvimba ndani ya saa chache kwa damu iliyovujia ndani. Damu hiyo hutawanyika katika ute wa goti, hivyo bonge ambalo lingeziunga ncha mbili halishiki, na ligamenti hiyo ni nadra kuungana yenyewe. Wapo wanaoendelea na maisha kwa mazoezi ya tiba bila kupasuliwa. Mchezaji anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka mara nyingi hupasuliwa, na ushauri wa sasa ni asirudi kabla ya miezi 9.

Kwa istilahi hizi, daktari anaweza kumwambia mgonjwa: "Ligamenti msalaba ya mbele ya goti lako la kulia imekatika." Naye mgonjwa akauliza yanayomhusu: je, ni lazima nipasuliwe, mtatoa kano ipi, na paja nililotolewa kano litapata lini nguvu zake?