Jiwe Lililofichwa: Habari za Machimbo Yetu



Mwaka huu tumeona yafaa kuandika habari za machimbo ya mawe, kwa kuwa akiba za wengi wetu hutiwa humo, na si zote hurudi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na tawi lake likafika Thika mwaka 1913. Nairobi ya mabati ikageuka polepole kuwa mji wa mawe, na mafundi wakachonga jiwe la kijivu kwa patasi na nyundo. Siku hizi, huko Juja na Ndarugu, jiwe hukatwa kwa misumeno ya mashine. Vifaa vimebadilika, lakini swali ni lile lile la zamani: chini ya shamba hili mna jiwe kiasi gani?

Jiwe hilo ni majivu ya volkano yaliyotua zama za kale mno, yakashikamana. Lakini volkano hazikulipuka mara moja tu. Baina ya milipuko ilipita miaka mingi. Udongo ukafanyika, na mito ikachimba mabonde. Majivu yaliyofuata yakayajaza mabonde hayo, na juu ya vilima yakaacha tabaka jembamba tu. Ndiyo sababu majirani wawili wenye mpaka mmoja huweza kutofautiana: huyu apata jiwe zuri kwenda chini futi nyingi, yule akuta udongo mwororo mapema. Kwa juu mashamba yao yafanana kabisa.

Tena udongo wa juu ukiwa mnene, gharama ya kuuondoa hula faida. Jiwe lenye nyufa nyingi huvunjika kabla halijawa tofali. Maji ya chini hujaza shimo. Na palipo na tabaka laini chini ya mwamba mgumu, ukuta wa shimo huweza kuwaangukia wachimbaji. Hapo hasara si ya fedha tena.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: kabla ya kutia sahihi mkataba wa kukodi shamba, chimbeni mashimo ya kujaribia mahali mbalimbali, wala msitosheke na moja, wala na jiwe la jirani. Nao wazee wanaokumbuka machimbo ya zamani, mahali yalipokwisha jiwe na mahali yalipotoka maji, twawaomba wawaonyeshe vijana maadamu wangali nasi.