Mgeni Mwenye Jembe: Baiskeli na Mapori ya Idaho



Kwetu baiskeli ni punda wa kazi. Hubeba gunia la mkaa, kreti za soda, hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ndiyo maana wengi wetu tuliofikia Boise, jimboni Idaho, tulishangaa kuona watu wazima wakipandisha baiskeli milimani bila mzigo wala safari, kisha wakiteremka mbio kwa furaha. Tukasema, huu ni mchezo wa wenye nafasi. Lakini nyuma ya mchezo huo ipo historia inayotufaa, historia ya watu waliofungiwa mlango na maneno mawili ya sheria.

Tarehe 3 Septemba 1964, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Pori Asilia. Mwandishi wake mkuu, Howard Zahniser, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Sheria ilianza na ekari milioni 9.1 za ardhi ya umma. Leo zimepita milioni 111. Humo hakujengwi barabara, na gari haliingii. Binadamu ni mgeni, apite aende zake. Miguu ruhusa, farasi ruhusa, mtumbwi ruhusa. Kilichokatazwa, pamoja na injini, ni "usafiri wa mitambo".

Je, baiskeli ni mtambo? Mwaka 1966 Idara ya Misitu ilieleza kwamba mtambo ni chombo kinachosukumwa na nguvu isiyo na uhai. Kwa maelezo hayo, baiskeli inayosukumwa na miguu ya mtu ingepita. Wakati huo swali lenyewe halikumsumbua mtu, maana baiskeli za milimani hazikuwepo. Ni katika miaka ya 1970 ndipo vijana wa Marin, California, walipoanza kuteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu. Mashindano yao ya Repack yalianza 1976. Kufikia 1981 kampuni ya Specialized ilikuwa imeleta Stumpjumper, na mchezo ukaenea. Mwaka 1984 Idara ya Misitu ikafunga mjadala: baiskeli marufuku katika pori asilia. Ndugu zetu wa Goma watauliza, na chukudu je? Nalo lina magurudumu, lingebaki nje.

Marufuku hayo huuma zaidi ramani inapopanuka. Katika milima ya Boulder na White Clouds, katikati ya Idaho, waendesha baiskeli walivipenda mno vijia vya Castle Divide na Ants Basin. Mbunge Mike Simpson alikuwa ameupigania mswada wa kuilinda milima hiyo kwa zaidi ya miaka kumi bila kufanikiwa. Waendesha baiskeli na watetezi wa mazingira wakaungana kuomba njia nyingine: rais aitangaze hifadhi, na baiskeli zibaki. Lakini hofu ya tangazo la rais ndiyo iliyolisukuma Bunge. Tarehe 7 Agosti 2015, Rais Obama alitia saini sheria iliyofanya ekari 275,000 kuwa pori asilia. Vijia vile viwili vikafungwa kwa baiskeli. Waliokuwa wamesaidia kuivuta kamba wakajikuta nje ya uzio.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vikundi vya baiskeli nchini humu vimelishika jembe: hujitolea kuondoa miti iliyoanguka na kutengeneza vijia. Kuambiwa uondoke baada ya kulima kunauma. Hata hivyo wahifadhi nao wana hoja. Utulivu wa pori ukishavunjwa haurudi upesi, na mlango ukifunguliwa kwa chombo kimoja, kingine hubisha hodi. Leo zipo baiskeli za umeme. Miswada ya kuilegeza sheria iliyofikishwa Bungeni 2016 na 2017 haikupita. Chama kikubwa cha waendesha baiskeli, IMBA, kilikataa kuuunga mkono ule wa 2017.

Njia ya kati ipo. Karibu na Durango, Colorado, wakazi walianza mwaka 2008 kujadiliana juu ya bonde la Hermosa Creek. Sheria ya Desemba 2014 ikatenga ekari zipatazo 37,000 kuwa pori asilia, na zaidi ya 70,000 kuwa eneo la uangalizi maalumu, ambako baiskeli ziliendelea kupita.

Tupime mambo kwa mizani yake. Aliyekosa kijia amekosa mchezo anaoupenda, hakukosa nyumba. Kabla ya ramani yoyote, milima ya Idaho ilikuwa ya Washoshone na Wabannock, ambao hawakuwa wageni humo. Nasi tunakumbuka Wamasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959. Wazo la ardhi nzuri isiyo na watu lina historia ndefu, na si yote ya kujivunia.

Funzo letu ni dogo. Sheria ikiandikwa, tuulize kila neno maana yake, na nani atabaki nje likitafsiriwa upya miaka ishirini baadaye. Katika miji tunayoishi, mikutano ya ardhi, bustani na barabara huwa wazi kwa wakazi, na viti vingi huwa vitupu. Twendeni tukakae. Asiyekuwepo na lake halipo.