Njia za Waata katika Nyika ya Tsavo

Mashariki ya mji wa Voi iko nyika pana ya udongo mwekundu. Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, waliijua nyika hiyo kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Walikuwa wawindaji wa ndovu, wenye pinde nzito na mishale ya sumu. Njia zao zilifuata maji na nyayo za wanyama, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza waendako.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitenga nchi hiyo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Tangu hapo, aliyeshika njia ya baba yake akiwa na upinde alihesabiwa mhalifu. Lakini ndovu nao walikuwa wakiuawa kwa wingi, kwa sababu ya biashara ya pembe. Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, na askari wake waliwasaka wawindaji, na wengi wakafungwa.

Ujangili ulipungua; je, Waata wangeishi kwa nini? Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, nje ya hifadhi, ili wawinde kwa kibali. Mpango huo haukudumu, na mwaka 1977 uwindaji ulikatazwa Kenya nzima.

Sheria ya kulinda wanyama ni njema. Lakini sheria ifungapo njia ya watu, haina budi kuwafungulia nyingine.