Kushoto Nyingi, Kulia Nyingi: Historia ya Kuhesabu Chembe

Novemba 23, 2009, mtambo wa LHC, uliochimbiwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, uligonganisha protoni kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye kundi la watafiti la ALICE lilikuwa na ripoti mkononi, yenye migongano 284 tu. Kwa mtambo wenye mzingo wa kilomita 27, ni sawa na kukodi lori la kubebea pishi moja ya mchele. Walichofanya ni kuhesabu chembe zilizochomoka, kisha wakalinganisha na hesabu zilizofanywa hapohapo katika maabara ya CERN miaka ya 1980. Zikalingana.

Hesabu hiyo ina ukoo mrefu. Protoni mbili zikigongana hazipasuki kama nazi, yakamwagika yaliyokuwamo. Nishati yenyewe hugeuka chembe mpya, mara 4, mara 40. Enrico Fermi alijaribu kukadiria idadi hiyo mwaka 1950. Mwaka 1972 Ziro Koba, Holger Bech Nielsen na Poul Olesen wakatoa dai la kuvutia: nishati ikipanda, wastani wa chembe utapanda, lakini ukipima kila mgongano kwa wastani huo, umbo la mgawanyo litabaki lilelile. ISR, mtambo wa kwanza kugonganisha protoni kwa protoni, ulionekana kuwaunga mkono.

Mwaka 1981 CERN ikaanza kugonganisha protoni na antiprotoni kwa elektrovolti bilioni 540, karibu mara tisa ya ISR. Macho yote yalikuwa kwa wale waliowinda chembe za W na Z. Zikapatikana 1983, na mwaka uliofuata Carlo Rubbia na Simon van der Meer wakapewa Tuzo ya Nobel. Pembeni yao kundi la UA5 lilikuwa na vyumba viwili vya gesi, kila kimoja urefu wa mita 6, kimoja juu ya bomba zinamopita chembe na kingine chini. Chembe ikipita huacha mstari wa cheche, kamera hupiga picha, na mistari inahesabiwa. Ni kazi ya karani, na nadhani ndiyo maana haisimuliwi sana.

Karani huyo ndiye aliyeangusha dai la 1972. Wastani ulikuwa chembe 29 hivi zenye chaji, lakini migongano iliyofurika chembe ilikuwa mingi kuliko ilivyotarajiwa. Isitoshe, chembe zilipokuwa nyingi upande mmoja wa bomba, hata upande wa pili zilikuwa nyingi, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu kuliko ulivyoonekana ISR.

Fikiria msikiti wenye milango miwili. Ukikuta viatu vimejaa mlango wa mashariki, unaweza kukisia kwamba na wa magharibi vimejaa. Watu wa milango hiyo hawakupeana habari. Ni Ijumaa tu. Baadhi ya viatu vimekaa pamoja kwa sababu baba amekuja na wanawe, na chembe nazo huzaliwa kwa vikundi vidogo, lakini undugu huo hauvuki hadi mlango wa pili. Kinachovuka ni siku yenyewe. Protoni ni mfuko wa kwaki na gluoni: kuna migongano ya kupapasana tu, na kuna ile ambayo jozi kadhaa zinagongana kwa mpigo, pande zote zikafurika.

Kanuni ya mgawanyo iliyolingana na hesabu za UA5 haikuwa ngeni. Huko Uingereza, mwaka 1920, watafiti Greenwood na Yule waliitumia kueleza kwa nini baadhi ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha walipata ajali nyingi kuliko wenzao: hatari haikuwa sawa kwa kila mtu, kama vile migongano nayo isivyo sawa.

Septemba 2010 kundi la CMS, likichambua migongano ya LHC iliyotoa chembe zaidi ya 110, likakuta jambo jipya. Chembe zilizoachana mbali kwa urefu wa bomba zilikuwa zimechomoka zikielekea upande uleule kulizunguka bomba. Jambo la namna hiyo lilikuwa limeonekana katika migongano ya viini vya dhahabu huko Marekani, ambako maada hutiririka kama kimiminika. Kwa protoni mbili pekee wengi hawakulitazamia, na mabishano juu ya chanzo chake yanaendelea. Viatu vya mashariki na vya magharibi vimekutwa vimeelekezwa upande mmoja, na hilo Ijumaa peke yake haiwezi kulieleza.