Kufunza na Kujifunza: Funzo Kutoka Nyuzilandi

Bila shaka umekwisha kuona kuwa kitenzi *kufunza* ndicho kilichozaa *kujifunza*. Lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, imekwenda mbali zaidi: neno moja tu, *ako*, hubeba maana zote mbili. Historia ya shule za nchi hiyo yaonyesha hasara ipatikanayo mwalimu anaposahau nusu ya pili ya neno hilo.

Mwaka 1867 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Shule za Wenyeji, na Kiingereza kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia. Katika vizazi vilivyofuata, watoto wengi waliadhibiwa, hata kuchapwa, kwa kosa la kusema lugha ya mama zao. Mwaka 1972 ombi lenye saini zaidi ya 30,000 lilifikishwa bungeni kudai lugha hiyo ifundishwe shuleni. Mwaka 1987 ikatambuliwa kuwa lugha rasmi.

Hata hivyo, mazoea hayafutwi kwa sheria. Vijana wengi wa Kimaori waliendelea kuacha shule mapema kuliko wenzao. Mwaka 2001 Russell Bishop, msomi wa Kimaori wa Chuo Kikuu cha Waikato, pamoja na wenzake walianzisha mradi wa Te Kotahitanga katika shule za sekondari. Walianza kwa kuwauliza vijana wenyewe: ni nini kinachowakwamisha? Walimu wengi walitaja kasoro za wanafunzi na za nyumbani kwao. Vijana walitaja uhusiano wao na walimu.

Jibu hilo likawa msingi wa kazi. Walimu walielekezwa kuacha kuwatafutia vijana kasoro, kuwajali wakiwa Wamaori na kuwatarajia makubwa. Walitazamwa wakifundisha, kisha wakashauriwa. Hatimaye matokeo ya mitihani ya vijana hao yalipanda katika shule za mradi.

Unyenyekevu wa namna hiyo haumpunguzii mwalimu heshima, kwa maana mwanafunzi humsikiliza zaidi anayemsikiliza. Nawe unayejifunza Kiswahili, usidhani kwamba yakupasa kuiacha lugha ya kwenu mlangoni mwa darasa. Ingia nayo. Mwalimu akikufunza methali ya Kiswahili, mwambie kwenu husemwaje. Hapo nyote wawili mtakuwa mmejifunza.

Swali la kutafakari: je, mwalimu wako amejifunza nini kutoka kwako mwaka huu?