Uhuru wa Kompyuta ni Sehemu ya Kujitegemea

Mkulima wa Kahororo anapompa jirani yake chipukizi la mgomba, hampi chakula tu. Anampa uwezo wa kupanda, kuzidisha na kumgawia mwingine. Lau angemwambia, "Kula, lakini usipande wala usigawe," jirani angebaki tegemezi milele. Suala la kompyuta ni hilo hilo.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mitambo hiyo ulishindwa, ukala fedha nyingi za kigeni, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mitambo ilikuwa ya wageni, na ujuzi ulikuwa wa wageni. Marufuku ilizuia chombo, lakini haikuzaa ujuzi. Ilipolegezwa, chombo kilirudi pamoja na utegemezi wake.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa inafunguliwa. Mwaka 1983, nchini Marekani, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao msingi wake ni kwamba kila mtu awe na haki ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kiini cha Linux kilitokea mwaka 1991, na mwaka uliofuata kikawekwa chini ya leseni ya GNU. Haki za namna hiyo ndizo zilizokiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Lakini ndugu, tusidanganyike na jina. Matoleo mengi ya Linux hubeba vipande vilivyofungwa, ambavyo mtumiaji hawezi kuvichunguza. Mwaka 2022 hata wanachama wa Debian walipiga kura kuviruhusu katika diski yao rasmi. Trisquel na Guix huvikataa kabisa. Msimamo huo una gharama, na kada asiifiche: katika baadhi ya kompyuta, kadi ya intaneti isiyo na waya haitafanya kazi.

Basi tuchague kifaa kabla ya kuchagua toleo, na tulijaribu kwa flashi kabla ya kulisimika. Shule isiyo na uwezo wa kubadili vifaa ianze na ilicho nacho, mradi wanafunzi waelezwe wazi kilichofungwa ni kipi.

Kujitegemea si kukikataa chombo cha mgeni. Ni kuhakikisha kwamba tunapokipokea, tumepewa na chipukizi lake.