Jipu Linalorudi na Sukari Iliyosahauliwa

Kabla sukari ya damu haijaanza kupimwa kwa tone la kidoleni, mara nyingi jipu ndilo lililompeleka mtu kwa tabibu, na huko ndiko alikogundulika kuwa ana kisukari. Uhusiano huu ni wa kale mno. Vitabu viwili vikuu vya utabibu wa India ya kale, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vinaeleza ugonjwa wa mkojo mwingi na mtamu, kisha vinataja majipu yanayowatoka wagonjwa wake: Charaka anahesabu aina 7, Sushruta aina 10. Katika karne ya 19, William Prout, daktari wa London, aliandika kuwa majipu mabaya na sukari kwenye mkojo huandamana. Mwaka 1864, Charles-Jacob Marchal de Calvi alichapisha Paris kitabu kizima juu ya madhara ya kisukari, akieleza kuwa kuoza kwa viungo vya wagonjwa hao kunatokana na ugonjwa wenyewe. Wote hao walisema hayo kabla ya vijidudu vya usaha kutambuliwa na kabla ya insulini. Naanza nao kwa sababu naamini historia ya jipu la mgonjwa wa kisukari ni historia ya jambo lililojulikana mapema, likasahauliwa, likakumbukwa, kisha likasahauliwa tena. Kila ilipopatikana silaha mpya ya kushambulia kidonda, waganga walijaa furaha wakaacha kuitazama damu ya mwenye kidonda. Na kila walipoitazama tena, wagonjwa wengi zaidi walipona na kubaki wamepona.

Silaha ya kwanza ilikuwa maarifa yenyewe ya vijidudu. Mwaka 1880 Louis Pasteur aliviona vijidudu vya mviringo kwenye usaha wa jipu. Wakati huohuo, Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, alikuwa akichunguza usaha wa majipu kwa hadubini, na mwaka 1882 akakipa jina kijidudu anachokijua kila mfanyakazi wa maabara leo, stafilokokasi. Kisha Carl Garrè akafanya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Mwaka 1885 alichukua vijidudu hivyo vilivyooteshwa maabara, akavisugua kwenye ngozi nzima ya mkono wake mwenyewe, na majipu yakamtoka hapohapo kwenye vinyweleo. Garrè hakuwa mgonjwa wa kisukari. Basi hapa pana pingamizi zito dhidi ya hoja yangu. Kama mtu mwenye afya aweza kutokwa na majipu kwa kusuguliwa vijidudu tu, sukari inaingiaje? Watu wengi wasio na kisukari hupata majipu, hata ya kurudiarudia, na karibu thuluthi moja ya watu wazima hubeba stafilokokasi puani bila kuumwa.

Pingamizi hilo ni la kweli, na ni vizuri tulikubali lote. Sukari haizai jipu, na si kila mwenye majipu ana kisukari. Ila Garrè alijibu swali moja tu: kijidudu chaweza nini kikisuguliwa kwa wingi kwenye ngozi? Swali la mgonjwa ni jingine. Vijidudu hivihivi amekaa navyo miaka mingi. Kwa nini sasa vinamshinda, na kwa nini jipu likipona shingoni linaibuka kwapani? Jibu lililothibitika baadaye ni kwamba damu ikikaa na sukari nyingi, chembe nyeupe zinazopaswa kukimbilia kijidudu na kukimeza hufanya kazi hiyo kwa uzembe: huchelewa kufika, na zikifika haziui vizuri. Kisukari cha muda mrefu huharibu pia mishipa midogo inayozipeleka chembe hizo, na huua hisia za ngozi, hata mtu asihisi mchubuko uliofungua mlango. Zaidi ya hayo, uhusiano huu una pande mbili. Jipu kubwa huufanya mwili umwage homoni za dhiki, na homoni hizo hupandisha sukari. Sukari iliyopanda humpa kijidudu nafasi zaidi. Mgonjwa anazunguka humo mpaka mtu aukate mzunguko huo, na kuukata upande wa jipu peke yake hakutoshi.

Hakuna walioujua mzunguko huo vizuri zaidi ya madaktari wa upasuaji wa kabla ya mwaka 1922. Jipu kubwa lenye midomo mingi, lile linaloota kisogoni au mgongoni pale majipu kadhaa yanapoungana chini ya ngozi, lilipasuliwa kwa mkato wa msalaba ili usaha utoke na nyama iliyokufa iondolewe. Kwa mtu mwenye afya, kisu kiliponya. Kwa mwenye kisukari, kisu kilifuatwa na kuzimia na kifo, kwa maana maambukizi, dawa ya usingizi ya etha na kufunga chakula viliisukuma damu kwenye asidi. Daktari alijikuta kati ya mambo mawili mabaya: akipasua, mgonjwa huenda akafa, asipopasua, usaha utamuua. Dawa pekee ya kisukari ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula, kama alivyofundisha Frederick Allen kule Marekani, na mtu aliyekondeshwa kwa njaa hana nguvu za kuponya kidonda.

Insulini ilibadili hali hiyo. Frederick Banting na Charles Best walianza kazi yao Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano za kwanza. Historia hupenda kusimulia watoto waliofufuka, na ni haki yake. Lakini sifa moja ya insulini husahaulika, nayo ni kuwa dawa ya chumba cha upasuaji. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa kisukari aliweza kupasuliwa jipu, akalishwa, na kidonda kikajifunga. Insulini haiui kijidudu hata kimoja. Iliponya majipu kwa kuurudishia mwili uwezo wake, na sijui ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba damu ilipaswa kutibiwa pamoja na ngozi. Elliott Joslin wa Boston alilielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1934 aliandika kwa ukali kuhusu kuoza kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari, akisisitiza kuwa balaa hilo linazuilika. Aliwafundisha wagonjwa kuosha miguu, kuikausha, kuikagua, na kutopuuza mchubuko hata mdogo. Wauguzi wake walikuwa walimu wa wagonjwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Kisha ikaja dawa iliyowafanya watu wasahau tena. Alexander Fleming alikuwa akiotesha stafilokokasi, kijidudu kilekile cha majipu, alipoona mwaka 1928 kuvu likiiua. Februari 1941, huko Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander, aliyekuwa akioza kwa maambukizi, alipewa penisilini akaanza kupona. Dawa ikaisha, naye akafa. Miaka michache baadaye dawa ilipatikana kwa wingi, na jipu likawa jambo la sindano. Atakayesema kuwa penisilini iliokoa maisha mengi kuliko mafunzo yote ya kuosha miguu, sitabishana naye. Kosa halikuwa la dawa. Lilikuwa la kudhani kuwa kazi imekwisha. Kijidudu hakikukubali. Kwenye hospitali moja ya London, Mary Barber alipima stafilokokasi za wagonjwa akakuta sugu kwa penisilini ni asilimia 14 mwaka 1946, 38 mwaka 1947, na 59 mwaka 1948. Methisilini ilitengenezwa kuziba pengo hilo. Ilipofika 1961, Patricia Jevons alikwisha kutangaza, kutoka Uingereza hukohuko, stafilokokasi zisizoisikia. Mgonjwa anayepewa kidonge kile kile kwa kila jipu, bila usaha wake kuoteshwa na bila sukari yake kupimwa, anarudishwa kwenye historia hiyo, na mwili wake mwenyewe ndio uwanja wa kuzalisha usugu.

Katika Afrika Mashariki hadithi hii ilichelewa, kisha ikaenda mbio. Uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja katika 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika 100 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na umri wa waliopimwa vilitofautiana, hivyo tarakimu hizo hazilingani moja kwa moja, lakini mwelekeo hauna shaka. Dar es Salaam ndiko Zulfiqarali Abbas na wenzake walikoeleza kwa kina, kwa wagonjwa wa miaka ya 1998 hadi 2002, maradhi ya mkono wa kisukari ya nchi za joto: mtu anang'atwa na mdudu, anajikwaruza au anatokwa na kijipu kidoleni, anakikamua au anakiacha, na baada ya siku au wiki kadhaa mkono mzima umevimba, unatoa usaha, na wengine hukatwa vidole au mkono. Kisababishi kikubwa hakikuwa kijidudu kigeni. Ni kuchelewa kufika hospitali na sukari isiyodhibitiwa. Hatua za kurekebisha hali zilifanana na zile za Joslin: mpango ulioanza mwaka 2004 nchini Tanzania na India uliwafundisha daktari na muuguzi kwa pamoja, wawili wawili kutoka kila kituo, kukagua miguu, kusafisha kidonda, na kumfundisha mgonjwa na jamaa zake.

Lipo pingamizi la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi. Ni rahisi kumwambia mtu adhibiti sukari; ni vigumu kununua vipimo, insulini na chakula kinachofaa kwa kipato cha mama wa gengeni. Kwa nini basi tusimwachie dawa ya jipu, ambayo walau anaimudu? Najibu kuwa hesabu hiyo inapotosha. Dawa moja ya jipu ni nafuu; dawa za majipu sita kwa mwaka, siku za kazi zilizopotea na kidole kilichokatwa si nafuu hata kidogo. Na sehemu ya tiba inayoelekezwa nje ya kidonda haina gharama kubwa: kutokamua jipu bali kulipeleka lipasuliwe kwa chombo safi, kila mtu nyumbani kuwa na taulo lake na wembe wake, kufua mashuka kwa maji ya moto, kubadilisha mahali pa kuchoma insulini. Majipu yanaporudi, daktari aweza kuongeza marhamu ya mupirosini puani na sabuni ya kuua vijidudu kwa siku chache. Stephanie Fritz na wenzake wa St. Louis, Marekani, walionyesha mwaka 2012, kwa watoto wenye maambukizi ya ngozi, kwamba familia nzima ilipotibiwa hivyo, majipu yalirudi mara chache kuliko mtoto alipotibiwa peke yake. Wale hawakuwa wagonjwa wa kisukari, na tiba hiyo haishushi sukari. Kwa mwenye kisukari inapaswa kwenda sambamba na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho kliniki nyingi za wilaya bado hazina. Na akiwa na homa, au jipu likiwa usoni au mguuni, au wekundu ukitambaa, asingoje siku ya kliniki: aende siku hiyohiyo.